Ulysses na Telemachus: uanzie wapi

Dada, umeuliza uanzie wapi kumlinganisha mzee Ulysses, mfalme wa hadithi za Kigiriki, na mwanawe Telemachus katika shairi “Ulysses” la Mwingereza Tennyson. Anza na mstari wa 33 hadi wa 43. Hapo baba anamwachia mwana fimbo ya ufalme na kisiwa, anamsifia subira ya kuwalainisha watu wakaidi polepole. Sifa njema, ila sauti imepoa. Mara anageukia bandarini, tanga limeshavimba, anawaita mabaharia wake, na maneno yanawaka! Wengine husema anamdharau mwanawe. Mimi sikubali, anatamka wazi kwamba anampenda. Kumbuka pia Tennyson aliliandika mwaka 1833, akimlilia rafiki yake Arthur Hallam. Kisha pambanisha vitenzi: mwana hulainisha, hutunza, baba hutafuta, hukataa kusalimu amri.