Wasomaji Wanauliza: Stendi ya Kunyanyulia Tairi la Mbele

SWALI: Nina Boxer BM150. Nikishika breki ya mbele au nikipita kwenye matuta, usukani unagonga. Fundi anasema ni gololi za shingo, pale usukani unapozungukia kwenye fremu. Nataka kuifanya kazi hii mwenyewe nyumbani. Nimeona stendi za aina mbili: moja inabeba kwa chini ya shokapu, nyingine ina pini inayoingia chini ya shingo. Ninunue ipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Kwa kazi hiyo, ndugu yetu, usinunue hata moja. Stendi isibebe kitu kilekile unachotaka kukifungua. Inayoshika chini ya shokapu inakuachia huru ringi na breki, lakini shokapu zenyewe huwezi kuzitoa kwa sababu ndizo zilizobeba uzito. Ya pini inaziacha shokapu zining'inie, kwa hiyo unaweza kuzichomoa ubadilishe sili na oili. Ila hapo uzito wote umekaa kwenye shina la usukani: shina linasukumwa juu, vikombe vya gololi vinabanana, na ulegevu unaoutafuta unajificha. Utatikisa uone pamekaza, kumbe hapajakaza.

Boxer yako ina stendi kubwa, na hiyo inakutosha. Isimamishe kwenye sakafu ya saruji, funga mfuko wa mchanga wa kilo 20 hivi kwenye keria ya nyuma, kisha weka jeki ndogo ya gari chini ya injini, katikati yake ukiwa umelaza ubao wa unene wa sentimita 5. Ubao ushike tumbo pana la injini, usiguse bolti ya kumwagia oili wala bomba la ekzosi. Nyanyua mpaka tairi la mbele liachane na sakafu kwa vidole vitatu, basi. Ukizidisha, pikipiki inakaa vibaya kwenye stendi.

Sasa pima. Mtu mmoja aweke kidole pale shingo inapokutana na bamba la chini linaloshika shokapu. Wewe shika ncha za chini za shokapu, vuta na sukuma. Kidole kikihisi bamba linacheza, shingo imelegea. Bamba likitulia na kugonga bado kupo, angalia bushi za shokapu. Kisha shika tairi juu na chini ulitikise kwa ubavu. Likicheza, ni beringi za ringi. Tunasisitiza vipimo hivi kwa sababu wengi hubadilisha gololi za shingo bure.

Mwisho zungusha usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukinasa katikati kama umeingia kwenye shimo, gololi zimeshachimba vikombe. Hapo kukaza hakusaidii: badilisha gololi na vikombe vyote, juu na chini, na grisi mpya. Kama haunasi, kaza ile nati yenye meno iliyo chini ya bamba la juu, kidogo kidogo, mpaka mchezo uishe huku usukani ukiendelea kuanguka wenyewe pande zote mbili. Ukikaza kupita hapo, pikipiki itayumba ukienda taratibu.

Ukitoa ringi ya breki ya dramu, wakati wa kuirudisha hakikisha mfereji wa sahani ya breki umeingia kwenye kile kinundu cha mguu wa shokapu. Usipoingia, siku utakayobana breki sahani itazunguka pamoja na ringi, na tairi litajifunga papo hapo.

SWALI: Pikipiki yangu haina stendi kubwa, ina ya pembeni tu, na mbele ni breki ya disiki. Nataka kutoa tairi la mbele nikalibadilishe. Nianzie wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Anzia nyuma. Stendi ya mbele peke yake haisimamishi pikipiki, inainyanyua tu. Lazima nyuma pawe pameshikwa na stendi yake kwanza. Wakati wa kushusha ni kinyume: mbele kwanza, nyuma mwisho. Pikipiki nyingi huangukia hapo.

Kwa tairi, ya chini ya shokapu inatosha na haihitaji kutafuta pini ya saizi. Kabla ya kununua, chungulia ncha za shokapu: ziwe na sehemu bapa ya kukalia raba, na mikono ya stendi isigonge kalipa (kile kifaa chenye pedi kinachobana disiki) wala madigadi. Legeza nati ya ekseli tairi likiwa bado chini. Usukani uwe umenyooka, raba za pande zote mbili ziguse kwa pamoja, kisha kandamiza mkono wa stendi mara moja bila kusitasita. Kwenye udongo, laza plaiwudi nene, maana vigurudumu vidogo vitazama upande mmoja.

Kalipa ikishatoka, ifunge kwa kamba kwenye fremu, isining'inie kwa mpira wake wa breki, na chomeka kipande cha ubao kati ya pedi. Mtoto akiminya breki ringi ikiwa nje, pistoni zitatoka. Ukimaliza kurudisha, kaza ekseli, lakini bolti inayoibana kwenye mguu wa shokapu iache kwanza. Shusha pikipiki, bonyeza usukani chini mara tano au sita ili miguu ya shokapu ijipange, ndipo uikaze. Kisha minya breki mpaka iwe ngumu mkononi kabla ya kuwasha.