Maswali yenu kuhusu stori ya upelelezi ya Tanga ya zamani

Tangu niseme hapa natamani kusoma riwaya ya upelelezi ya Tanga ya enzi za Mjerumani, mpelelezi awe mwanamke wa kawaida wa mtaani, meseji zimekuja nyingi na kumbe wengine mshaanza kuandika! Nimechukua hizi tano.

Mwanamke wa 1905 angepelelezaje, hana cheo, nani angemjibu? (Dada wa Chumbageni)

Dada yangu, cheo ndo kingemharibia. Askari akipiga hodi watu wanameza maneno, lakini mama anayepaka hina anaitwa mwenyewe, anapitishwa mpaka uani, anawekewa na mkeka. Kazi yenyewe ya masaa, mkono wa mwenzie kaushika yeye, anaona bangili iliyokuwepo juzi leo haipo, na wenyewe wanaendelea kusengenya kama vile hayupo. Halafu kuna ukucha. Hina ya kwenye ukucha haifutiki, inapanda na ukucha unavyoota, kwahiyo kule chini kwenye nyama panabaki peupe. Sasa mtu anakuapia kapakwa juzi kwenye harusi Pangani, na wewe unaona weupe wa upana wa punje ya mchele pale chini, huyo kapakwa wiki kadhaa nyuma, harusini hakufika. Liwali, mkubwa wa mji wa enzi hizo, angekaa na huyo mama mwaka mzima asingeliona hilo. Mimi ningempa kazi hiyo hiyo bila kufikiria mara mbili.

Lazima damu iwepo? (Msomaji, Makorora)

Hapana. Mtu afe, ila afie nje ya ukurasa. Tunachotaka ni fumbo, na dalili zote tuzione sisi pamoja na mpelelezi, usije ukazificha mpaka mwisho, hapo msomaji anajiona kaibiwa.

Stori yangu ni ya 1902, mlinzi anahongwa hela, muuaji anakimbilia Moshi kwa treni, kesi inaenda kwa DC. Rafiki yangu anasema nimekosea, wapi? (Kaka wa Ngamiani)

Kaka, yote matatu, ila usikate tamaa maana yanarekebishika. Reli ilianza kujengwa hapa Tanga 1893 na 1902 ndo ilikuwa imefika Korogwe, Mombo ni 1905, Moshi mpaka 1911. Kwahiyo muuaji wako ashuke Korogwe atembee kwa miguu, na hapo stori inanoga maana anayetembea anaonwa na watu njia nzima. DC ni mambo ya Mwingereza, wewe weka akida wa eneo, jumbe wa kijiji, liwali. Na hela, hili nalipenda sana, neno lenyewe limetokana na heller ya Mjerumani iliyoanza 1904, kabla ya hapo rupia moja iligawanywa kwa pesa 64. Bibi yangu alikuwa nayo moja kwenye kopo la sindano, ya heller 10, tundu katikati na taji juu yake, nimeichezea sana utotoni nikiipitisha uzi. Zile zenye tundu zimeanza 1908, kwahiyo mlinzi wako asiiguse kabisa!

Nina barua ya vitisho, mpelelezi ataanzia wapi? (Mwanafunzi, Muheza)

Aangalie herufi kwanza, maneno baadaye. Wakati ule watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu walizojifunza chuoni, yaani madrasa, na hizi tunazotumia saivi zilikuwa za misheni na shule ya serikali ya Mjerumani. Barua ikiwa ya herufi za Kizungu tayari watuhumiwa kumi wamebaki watatu, na kwa mtu asiyetegemewa kabisa kuzijua hapo ndo pa kuchimba. Wapo wanawake waliosoma chuoni, kwahiyo ile ya Kiarabu mama wa hina aisome mwenyewe bila kuomba msaada kwa mtu.

Niiweke kwenye vita ya nyuki, Novemba 1914? (Mama wa Raskazone)

Mama, shkamoo. Mimi nisingeiweka huko, kwenye vita kubwa vile, Mwingereza na Mjerumani wanapigania Tanga, mtu mmoja akifa nani atasimama kuuliza kauliwa na nani? Rudi nyuma miaka michache, mwezi wa tatu, kaskazi inakata na kusi haijaanza kuvuma, majahazi ya Uarabuni yametia nanga yanasubiri upepo ugeuke. Manahodha na mabaharia wote wako mjini wanakunywa kahawa, hakuna wa kuondoka, na mama wa hina ana wiki mbili tatu za kupita nyumba kwa nyumba kabla ya jahazi la kwanza kutweka tanga.