Thiori ya Roy wodini: mimi ilinikaa kichwani kwa mgonjwa wa mguu

Mdogo wangu uliyeuliza thiori ya Sista Callista Roy, ile ya uuguzi kuhusu mtu anavyoizoea hali mpya, ina kazi gani wodini zaidi ya kufaulia mtihani, nakuelewa, hata mi chuoni nilizikariri zile modi nne nikazitema kwenye karatasi nikasahau.

Kilichonirudisha ni mzee mmoja dereva wa lori, kisukari, mguu umekatwa chini ya goti. Kidonda kinapona vizuri, sukari imeshuka, ila chakula hagusi, kutwa kageukia ukutani. Nikaandika kwenye faili "mgonjwa hatoi ushirikiano". Naona aibu mpaka leo, ile ilikuwa hasira ya nesi aliyetoka shifti ya usiku.

Roy alikuwa nesi wa watoto huko Marekani, akashangaa watoto wanavyoizoea hali mpya haraka, wazo akalikuza akisoma chuo kikuu cha UCLA chini ya mwalimu wake Dorothy Johnson, likachapishwa 1970. Anasema mtu anapambana na ugonjwa sehemu nne, ndo zile modi: mwili, anavyojiona mwenyewe, nafasi yake kwa watu, na kutegemeana na wenzake. Sisi wodi nzima tulikuwa tumekomalia mwili tu.

Siku hiyo namdresi kidonda, kupiga stori tu, nikamuuliza "baba, lori umemwachia nani?" Akakaa kimyaaa afu akasema tajiri kashampa mtu mwingine. Hapo ndo nikakumbuka vichocheo vya Roy, yaani mambo yanayomsukuma mtu ajibadilishe: kikuu, vya mazingira, na vilivyojificha. Kile kikuu nilidhani ni mguu kumbe ni lori, vya mazingira ni bili na mkewe anayepanda daladala mbili kuleta uji, na vile vilivyojificha nyuma nilivipata kwa huyo mama, kwamba baba mzazi wa mgonjwa naye alikatwa mguu na hakumaliza mwaka. Sasa mtu mwenye hiyo picha kichwani unamwambia "kula baba upone", atakuelewa?

Tukamwita mtu wa ustawi wa jamii, akaongea na tajiri, ikapatikana kazi ya kusimamia upakiaji pale yadi. Insulini nikamfundisha ajichome mwenyewe, na mkewe akae pembeni aangalie. Ugali ukaanza kuliwa, tena akawa anatugombeza chai imepoa 😂

Usinielewe vibaya, ukisema ujaze fomu yote ya Roy kwa kila mgonjwa, nesi mmoja wodi imejaa, hutotoka. Mi nachukua maswali mawili tu: kabla ya kuumwa ulikuwa unafanya nini, na nani anakutegemea. Mengi yanatokea humo.

Na sio kwamba alipona kila upande. Mpaka anaruhusiwa hakuwahi kukiangalia kile kisiki cha mguu, kila nikifungua bandeji anageukia dirishani. Hiyo modi ya pili, ya anavyojiona mwenyewe, hatukuiweza.