Ukipangiwa uwanda wa Kano

Wewe uliyeajiriwa juzi na shirika la misaada ukatumwa kwenye mafuriko ya Kano, kule Kisumu, Kenya, utapewa fomu. Inauliza kaya ngapi, ekari ngapi za mpunga, mbuzi wangapi walisombwa. Nilijaza fomu za namna hiyo msimu mzima kabla ya kugundua kwamba mtoto hayumo, ila kama hesabu ya "wategemezi".

Kwanza, usitazame mawingu ya Ahero, mji wa hapo uwandani. Mto Nyando hukusanya maji ya Nandi na Kericho, kwa hiyo unaweza kuvunja kingo huku kwenu kukiwa na jua kali. Tafuta mtu wa huko juu wa kukupigia simu.

Kosa langu kubwa lilikuwa kuondoka mapema. Maji yalipokauka niliandika kwamba dharura imeisha. Wiki chache baadaye zahanati ilijaa watoto wenye malaria na kuhara: vidimbwi vilikuwa vimezalisha mbu, na vyoo vya shimo vilikuwa vimefurika hadi kwenye visima. Mtu mzima huharisha siku mbili akarudi shambani; mtoto wa mwaka mmoja huweza kuishiwa maji mwilini kwa siku moja tu. Siku hizi ORS (chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini) na vidonge vya zinki vya kutibu kuhara huingia bajeti yangu kabla ya mablanketi. (Wakubwa hupenda mablanketi, yanapigika picha vizuri.)

Tena, mafuriko ya mto huondoka lakini ya ziwa hukaa. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kuliko ilivyowahi kupimwa hadi wakati huo, na familia za ufuoni zikakaa kambini miezi kadhaa. Kambi yenyewe mara nyingi ni shule. Mwaka 2024 shule kote nchini zilicheleweshwa kufunguliwa, kutoka Aprili 29 hadi Mei 13. Palipokuwa na wakimbizi wa mafuriko madarasani, kengele ya Mei 13 haikusaidia sana.

Tembea na mhudumu wa afya ya jamii, na utepe wa kupimia mzingo wa mkono mfukoni, unaoonyesha utapiamlo. Mtoto wa miezi 6 hadi 59 akipima chini ya sentimita 11.5, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo.

Na usimuulize baba kama watoto ni wazima, atakujibu wazima. Muulize mama jana walikula nini, walilala wapi. Mmoja alinionyesha dawati mbili zilizounganishwa. Neti je? Akacheka, akaninyoshea kidole pembeni: ilikuwa imefunika vifaranga.