Ni Mahakama Kuu au Mahakama ya Juu ya Uingereza?

SWALI: Nafuatilia kesi ya Uingereza kutaka kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda. Habari moja inasema "Mahakama Kuu" iliruhusu mpango huo, nyingine inasema "Mahakama Kuu" iliuzuia. Nishike ipi?

JIBU: Maamuzi yote mawili yalitolewa, lakini habari ya pili imekosea jina la mahakama. Desemba 2022 Mahakama Kuu ilisema mpango ni halali. Juni 2023 Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo, serikali ikapanda ngazi ya mwisho, na tarehe 15 Novemba 2023 Mahakama ya Juu ikaamua dhidi ya serikali.

Kosa hili huwapata zaidi waandishi wa Tanzania, na sababu yake inaeleweka. Kwetu juu ya Mahakama Kuu ipo Mahakama ya Rufani, basi. Mwandishi akikuta mahakama nyingine juu ya ile ya rufani, hana jina tayari, hivyo huchukua "Kuu" kwa kuwa linasikika kubwa kuliko yote. Wakenya wana ngazi zote tatu tangu Katiba ya 2010: Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa, Mahakama ya Juu. Tuyatumie majina hayo kwa Uingereza pia. Rufaa au rufani, chagua moja na uishikilie hadi mwisho wa habari. Herufi kubwa nazo ni lazima, kwa sababu "mahakama ya juu" kwa herufi ndogo ni mahakama yoyote iliyo juu ya nyingine. Redioni, ambako herufi hazisikiki, ongeza "ambayo ndiyo ya mwisho kwa rufaa".

Tazama na mwaka. Mahakama ya Juu ya Uingereza, yenye majaji 12, ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2009 kutokana na sheria ya 2005. Kabla ya hapo rufaa ya mwisho iliamuliwa na majaji waliokuwa wajumbe wa Baraza la Malodi, yaani baraza la juu la Bunge la Uingereza. Kwa hiyo kuandika kwamba kesi ya 1998 ya Pinochet, mtawala wa zamani wa Chile, iliamuliwa na Mahakama ya Juu ni kosa. Andika "majaji wa Baraza la Malodi".

Mtego mkubwa zaidi umo katika maandishi ya zamani. Sheria za 1873 na 1875 ziliunganisha mahakama kongwe zikawa Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa, na hizo kwa pamoja zikapewa jina lile lile la Kiingereza, "Supreme Court", ambalo leo ni la mahakama ya 2009. Ukilikuta katika kitabu cha 1950, tafsiri "mahakama za ngazi ya juu", kwa wingi na kwa herufi ndogo.

Mwisho ni hilo neno "Uingereza". Mahakama ya Juu hupokea rufaa kutoka nchi nzima, isipokuwa kesi za jinai za Scotland, ambazo kwa kawaida huishia huko huko. Mahakama Kuu inayotajwa hapa ni ya England na Wales tu, na ndivyo iandikwe: Mahakama Kuu ya England na Wales.