Vitabu vya malezi vinapingana: tufuate kipi?

SWALI: Mhariri, mimi na mke wangu tunatarajia mtoto wetu wa kwanza. Ndugu wametupatia vitabu vya malezi, vingine vya zamani sana, na vinapingana: kimoja kinataka mtoto mchanga alazwe kifudifudi, kingine chali. Tusome vipi bila kuchanganyikiwa?

JIBU: Tazameni kwanza mwaka wa kuchapishwa. Kitabu kilichotoka kabla ya miaka ya 1990 huenda kikawashauri kumlaza mtoto kifudifudi, kwa kuwa wataalamu wengi wa wakati huo walihofia kwamba akicheua akiwa chali atapaliwa. Baadaye utafiti ulibaini kuwa kulala kifudifudi huongeza hatari ya kifo cha ghafla usingizini, na sasa hulazwa chali, kwenye godoro gumu lisilo na mto. Kitabu cha namna hiyo kihifadhini kwa kumbukumbu, msikitumie kulea.

Pia msianze na sura za ukaidi wa mtoto wa miaka 2, ambazo wazazi watarajiwa huzipenda sana, sijui kwa nini. Kinachowakabili ni wiki za mwanzo, na humo kunyonyesha ndiko kunakostahili kusomwa kwa utulivu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa, kisha apewe maziwa ya mama pekee, bila hata maji, hadi atimize miezi 6. Chagueni kitabu chenye michoro inayoonyesha jinsi anavyoachama, kidevu kikigusa titi, na kushika sehemu kubwa ya weusi unaozunguka chuchu, kwani akishika ncha tu mama huumia na mtoto hashibi. Nawe baba usiiruke sura hiyo: ukikaa pembeni utaona jinsi mdomo ulivyoshika, jambo ambalo mama mwenyewe haoni vizuri.

Majedwali ya ukuaji yapitieni kwa haraka tu, kwani watoto hawakui kwa ratiba moja. Watoto wenye afya njema huanza kutembea wakati wowote kati ya miezi 9 na 18.

Dalili za hatari, hata hivyo, zijueni kwa moyo. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi, anayekataa kunyonya, anayepumua kwa shida au aliyepatwa na degedege apelekwe hospitali mara moja, bila kupekua kitabu chochote. Nakilini dalili hizo pamoja na nambari ya simu ya kituo chenu cha afya, mzibandike ukutani karibu na kitanda.