Baada ya Kaakaa Kushonwa: Maswali ya Wazazi

*Mwanangu wa miaka 4 alishonwa kaakaa akiwa na miezi 18. Mbona bado anasema puani?* (Mama, Wete)

Kushona huziba mpasuko wa kaakaa, yaani dari ya mdomo, ambao mtoto huzaliwa nao, lakini ili mtoto aseme vizuri, kaakaa laini, lile la nyuma lenye kilimi, sharti linyanyuke na kugusa ukuta wa koo, pumzi isipotelee puani. Likiwa fupi au zito, sauti p, b, t, k na s, ambazo hutaka pumzi ikusanyike mdomoni, hutoka dhaifu, ilhali m na n, ambazo kwa asili hupita puani, hazimpi taabu. Ndiyo maana mtoto aweza kuita "mama" na "baba" likamshinda. Mrejeshe kwa madaktari waliomshona, na uombe aonwe na mtaalamu wa tiba ya matamshi. Kaakaa lisilofunga halirefushwi kwa mazoezi, na baadhi ya watoto huhitaji operesheni ya pili. Lakini ikiwa ni mazoea, kama vile kuikata sauti kooni pahala pa kutamka k, mafunzo ndiyo tiba yake. Kupuliza maputo, ambako wazazi wengi huhimizwa, hakufundishi matamshi. Muda huo ni bora muutumie kwa maneno yenyewe.

*Mwalimu wa chuoni (madrasa) asema mwanangu mkaidi, akiitwa haitiki. Naye alishonwa kaakaa.* (Baba, Makunduchi)

Masikio yapimwe kwanza, ndugu yangu, kabla ya neno ukaidi kutajwa. Misuli ya kaakaa ndiyo pia inayofungua mrija unaopeleka hewa katika sikio la kati. Ikiwa na hitilafu, majimaji mazito hukusanyika nyuma ya kiwambo cha sikio, na hili huwapata takriban watoto wote waliozaliwa na mpasuko wa kaakaa, wengi wao hata baada ya kushonwa. Mara nyingi hakuna maumivu wala usaha. Usikivu hupungua, ukarudi, ukapungua tena, na mtu wa mbali huona mtoto anayechagua la kusikia. Anzia kituo cha afya kilicho karibu nawe, uombe rufaa ya daktari wa masikio. Mwalimu naye namwomba kwa moyo wote amkalishe mbele, amsomeshe wakitazamana, wala asimchape kwa herufi ambayo huenda haijamfikia.

*Mwanangu amewekewa masikioni vibomba vya kupitisha hewa. Aoge baharini?* (Mama, Mkoani)

Wiki za mwanzo zikipita na daktari akiridhia, aogelee juu juu, asipige mbizi. Maji ya sabuni yana madhara zaidi kuliko ya bahari. Usaha ukitoka, mpeleke hospitali, na mafuta ya nazi usimtie. Vibomba huanguka vyenyewe, kwa kawaida baada ya miezi 6 hadi 18, na hapo usikivu upimwe upya.

*Akinywa uji, hutokea puani.* (Bibi, Micheweni)

Huenda kimebaki kitundu kaakaani, Bibi. Si jambo la kukimbizana usiku, lakini daktari akitazame, kwani kitundu kikubwa huvujisha pumzi na kuharibu matamshi.